Egerton ni wa wapi?

Nje kidogo ya mji wa Nakuru, upande wa Ngata, lipo jumba la mawe ambalo wenyeji huliita kasri la Egerton. Huko Njoro, mwendo mfupi kwa matatu, kuna Chuo Kikuu cha Egerton. Ukigeuka na kushika barabara kuu ya Nairobi utapita Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, ardhi ya ukoo wa Cholmondeley, na ukikaribia Naivasha makanga atawatangazia abiria kwamba gari litasimama Delamere wale na kunyoosha miguu. Haya ni majina matatu ya Kiingereza katika safari moja ya asubuhi, na twayatamka kila siku bila kuuliza yalitoka wapi wala yalimaanisha nini kabla ya kufika huku. Swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa jibu lake linagusa tabia ambayo katika Bonde la Ufa imewahi kumwaga damu: kusikia jina la mtu na papo hapo kumwamulia kwao ni wapi. Nashikilia kwamba jina la ukoo lina uwezo wa kutuonyesha mahali babu mmoja alipokuwa siku karani alipoandika, na uwezo wake unakomea hapo. Halina mamlaka ya kusema mwenye kulibeba leo ni wa wapi, wala ardhi aliyoikanyaga ni ya nani. Ushahidi mzuri kuliko wote wa jambo hili unatoka kwa Waingereza wenyewe, tena kwa koo hizi hizi mbili zilizoweka majina yao Nakuru.

Tuanzie huko yalikozaliwa. Egerton na Cholmondeley ni vijiji jirani katika jimbo la Cheshire, kaskazini magharibi mwa Uingereza, karibu na mji mdogo wa Malpas. Mwisho wa neno Egerton ni tun, ambalo katika Kiingereza cha kale lilikuwa uwanja uliozungushiwa ua, kisha likawa makazi ya mkulima, kisha kijiji, na ndilo lililozaa neno ambalo Waingereza hulitumia leo kwa mji. Mswahili ataelewa upesi, maana mji kwetu nao ulikuwa boma la mtu na watu wake kabla haujawa wa maduka na manispaa. Mwanzo wa neno ni jina la mwenye boma, mtu ambaye jina lake lilianza na Ecg, yaani makali ya upanga. Cholmondeley, jina refu ambalo wenyewe hulitamka “Chamli”, ni uwazi uliofyekwa msituni na mtu aitwaye Ceolmund. Kijiji hicho kimo tayari katika daftari la mali ambalo mfalme William aliamuru liandikwe mwaka 1086. Delamere si jina la ukoo hata kidogo. Ni la cheo: Thomas Cholmondeley alipopewa ubwana mwaka 1821 aliitwa Baron Delamere, kwa msitu wa Delamere ulioko huko huko Cheshire, na maana yake ni msitu wa maziwa. Hivyo jina la viziwa vya Cheshire likaja kutua katikati ya Nakuru, Elmenteita na Naivasha. Hiyo ni sadfa tupu, na hakuna hoja ya kujengwa juu yake.

Vipi jina la kijiji likawa jina la watu? Kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, Mwingereza wa kawaida alikuwa na jina moja tu. Majina ya ukoo yalienea polepole katika karne tatu hivi zilizofuata, yakitangulia kwa mabwana wenye ardhi na kuwafikia makabwela baadaye. Kodi ya kichwa ilipotozwa mwaka 1377, 1379 na 1381, makarani walilazimika kuwatenga akina John kumi wa kijiji kimoja: huyu akaandikwa kwa kazi yake, yule kwa jina la baba yake, mwingine kwa umbo lake, na wengi kwa mahali. Lakini mtu hapewi jina la mahali pale ambapo kila mtu ni wa mahali hapo. Ndani ya Njoro hakuna anayetambulishwa kuwa wa Njoro. Utambulisho huo unaanza kuwa na maana akishahamia Molo au Mombasa. Kwa mkulima mdogo, basi, jina la mahali lilikuwa jina la aliyeondoka. Pwani yetu inalijua jambo hili kwa karne nyingi: anayeitwa Mshirazi au Mhadhrami huitwa hivyo kwa kuwa yuko Lamu, Mombasa au Unguja, na wanahistoria hadi leo wanabishana ni wangapi kati ya waliojiita Washirazi ambao mababu zao waliwahi kuliona jiji la Shiraz. Anayetafuta asili ya mtu katika jina kama hilo anasoma historia ya safari, na safari haina budi kuwa na mwendelezo.

Kwa mabwana mambo yalikuwa tofauti, na hapa ndipo penye funzo la ndani zaidi. Wao walipewa jina la mahali kwa sababu mahali palikuwa mali yao. Wanasaba wa Cheshire husimulia kwamba akina Cholmondeley na akina Egerton wametoka kwa babu mmoja, bwana wa Malpas, ila wanawe na wajukuu walipogawiwa mashamba mbalimbali kila mmoja akaitwa kwa shamba lake. Damu ni moja, majina yakatengana, kwa sababu jina lilifuata ardhi. Sasa tazama kinyume chake. Mwaka 1780 Samuel Egerton, mwenye Tatton Park, alifariki bila kuacha mtoto aliye hai. Mali ikamwendea dada yake Hester, aliyekuwa ameolewa na William Tatton wa Wythenshawe. Hester akarudia jina la kwao, na mwanawe, aliyezaliwa Tatton kwa upande wa baba, akavua jina la baba na kuvaa la mama pamoja na mali. Huyo ndiye babu wa mabaroni wote wa Egerton wa Tatton, hadi wa nne na wa mwisho, Maurice, yule ambaye kasri la Ngata na chuo cha Njoro vina jina lake. Kwa hesabu ya baba kwa baba, ambayo ndiyo Waingereza walitufundisha kuwa hesabu ya ukoo, Lord Egerton wa Njoro alikuwa Tatton. Jina alilotuachia limefika kwetu kupitia mwanamke na wosia. Wanaodhani jina la ukoo ni kamba isiyokatika kutoka kwa baba wa kwanza hadi kwa mjukuu wa leo wamfikirie Hester kwanza.

Wapo watafiti wanaochora ramani za majina, na kazi yao ni ya maana. Wakichukua sensa ya Uingereza ya mwaka 1881 na kuweka alama kwa kila mwenye jina la Egerton, alama zinajaa Cheshire na Lancashire, jirani kabisa na kijiji chenyewe, ingawa ilikuwa imepita karne sita na zaidi. Cholmondeley ni jina adimu, ila wapo walioliandika jinsi linavyotamkwa, Chumley, na hao huhesabiwa kama ukoo mwingine kwa sababu ya karani aliyefuata sikio lake. Tena kuna kijiji kingine cha Egerton, kule Kent, upande wa pili wa nchi, kisichohusiana na hiki cha Cheshire. Watu wawili waitwao Egerton wanaweza wasiwe na udugu wowote. Mwaka 2000 mtaalamu wa jenetiki wa Oxford, Bryan Sykes, alichapisha utafiti juu ya wanaume 48 wenye jina kama lake, wasiojuana kuwa ndugu. Sykes ni jina la mahali pia, la kijito au mtaro wa mpakani, na ngome yake ni Yorkshire. Karibu nusu ya wanaume hao walikuwa na kromosomu Y ya aina moja, ile inayorithiwa na mwana kutoka kwa baba, ishara kwamba huenda walitoka kwa mwanamume mmoja wa zamani. Magazeti yalishangilia nusu hiyo. Mimi naona inayobaki ina mengi zaidi ya kusema: kila mmoja katika nusu ile nyingine anabeba jina la Sykes kwa njia isiyokuwa ya damu ya mwanamume huyo, iwe ni mwanzilishi mwingine wa jina, kulelewa, mtoto wa nje, jina la mama, au jina lililochukuliwa tu.

Na ramani ya jina la Sykes ingefika Dar es Salaam ingefanya nini? Sykes Mbuwane alitoka Msumbiji, akaja na jeshi la Hermann von Wissmann lililoletwa mwaka 1889 kupigana na Abushiri. Mwanawe, Kleist Sykes, alipewa jina la Kijerumani na kuendelea na la Kiingereza, akawa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929. Wajukuu, Abdulwahid na Ally Sykes, walikuwa mstari wa mbele katika Tanganyika African Association (TAA) na katika kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954. Ni Waislamu wa Kariakoo, wenye asili ya Kizulu, na jina ambalo ramani inalipeleka kwenye vijito vya Yorkshire. Kabla yao alikuwapo Jacob Wainwright, Myao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa na wamishonari India, aliyeusindikiza mwili wa Livingstone hadi London mwaka 1874. Jina lake ni la fundi seremala wa mikokoteni. Mtu asiyejua angemtafutia kwao Lancashire.

Turudi Bonde la Ufa, ambako jambo hili lilipinduka kichwa chini. Kule Cheshire ardhi ndiyo iliyowapa watu majina. Huku watu wakaipa ardhi majina yao, na ardhi yenyewe haikuwa bila jina. Nakuru, Naivasha, Njoro na Elmenteita ni maneno ya Kimaasai yaliyochakaa midomoni mwa wageni: mahali pa vumbi, maji yanayochafuka, chemchemi ya kunyweshea mifugo, mahali pa vumbi tena. Ni majina ya wafugaji, watu ambao swali lao la kwanza juu ya nchi ni kama ng'ombe watapata maji. Hugh Cholmondeley, Baron Delamere wa tatu, alikodishwa mwaka 1903 ekari laki moja karibu na Njoro kwa miaka 99. Mwaka uliofuata, 1904, Wamaasai walitakiwa kutia alama zao kwenye mkataba uliowatoa Naivasha, Elmenteita na Nakuru na kuwagawa kati ya Laikipia na upande wa kusini. Mwaka 1911 mkataba wa pili ukawatoa Laikipia pia, nao walipokwenda mahakamani mwaka 1913 wakaambiwa mkataba ule ni wa mataifa mawili, kwa hiyo mahakama ya koloni haina uwezo juu yake. Mwaka 1939 Maurice Egerton alitoa ekari 740 hapo Njoro pakaanzishwa shule ya kilimo ya vijana wa Kizungu. Shule ikapanda kuwa chuo cha kilimo, ikafungua milango kwa watu wa rangi zote miaka ya mwanzo ya 1960, na mwaka 1987 ikawa chuo kikuu kwa sheria ya Bunge. Bwana mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1958 bila mke wala mtoto, na cheo kikafa naye.

Lakini walowezi walileta kitu kingine kilichodumu kuliko majina ya mashamba: walileta kanuni yao ya majina. Kwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa babu mzaa baba na wa pili kwa babu mzaa mama, kwa hiyo Kamau wa Njoroge humzaa Njoroge wa Kamau, na jina hupanda na kushuka kati ya vizazi kama mtu anayepanda ngazi na kurudi. Kwa Wakalenjin jina hubeba saa na hali ya kuzaliwa: Kipkoech alizaliwa kukipambazuka, Chebet mchana, Kipruto safarini, na mwanamume akishatiwa jandoni huitwa arap fulani, mwana wa fulani. Waluhya wana Wafula wa msimu wa mvua na Wanjala wa njaa. Hakuna hata mmoja kati ya mifumo hii uliokusudiwa kuwa lebo ya kurithiwa bila kubadilika. Ikaja sheria ya kuandikisha wenyeji ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya vita, na kila mwanamume Mwafrika akavishwa shingoni kipande chenye jina, kabila na alama za vidole. Ikaja shule ya misheni na cheti cha ubatizo. Fomu zikataka jina la ukoo, na karani akaandika jina lolote lililotamkwa mwishoni. Mtoto aliyezaliwa alfajiri akawa mwanzo wa ukoo wa Koech, na wajukuu wake wanaitwa Koech hata wakizaliwa adhuhuri. Yaliyowapata Waingereza kwa kodi ya kichwa katika karne tatu, sisi yametupata kwa kipande katika kizazi kimoja, na ndiyo maana bado tunalichukulia jina kana kwamba limetoka kwa mababu wa tangu na tangu.

Nyokabi ni mfano ninaoupenda. Wakikuyu waliwaita Wamaasai Ukabi, na Nyokabi ni mwanamke wa huko. Jina liliingia kwa ndoa, kwa mateka wa vita, na kwa familia zilizopeana hifadhi wakati wa njaa. Halafu likashika ngazi ile ile ya nyanya na wajukuu hadi leo, na hakuna anayesita kusema ni jina la Kikuyu. Ni sawa na Egerton kupitia kwa Hester, ila Hester ana hati ya mwaka 1780, na Nyokabi wa kwanza hana.

Sasa tuone kilichotokea Nakuru tulipoyasoma majina kama hatimiliki. Mashamba ya walowezi yalihitaji mikono, na watu wakaja kutoka Murang'a, Kiambu na Nyeri, kutoka Nyanza na Magharibi, wengine kutoka sehemu nyingine za Bonde lenyewe. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota amfanyie mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka ili apate kijishamba cha kulima na malisho. Watoto walizaliwa hapo, wakazaa hapo, wakazikwa hapo. Baada ya uhuru wengine walinunua ardhi kupitia mipango ya makazi na kampuni za kununua mashamba. Leo mtu aitwaye Kamau anaweza kuwa kizazi cha nne au cha tano Njoro, lakini jina lake likisikika, ramani iliyo vichwani mwetu inampeleka Murang'a. Wanjala wa mtaa wa Kaptembwo anapelekwa Bungoma, na Otieno anapelekwa Siaya hata kama babu yake alifanya kazi kwenye reli ya Nakuru maisha yake yote. Januari 2008 ramani hiyo ilishuka barabarani. Ghasia za baada ya uchaguzi zilipofika Nakuru na Naivasha, vijana waliweka vizuizi na kudai vitambulisho, na jina lililoandikwa kwenye kadi liliamua nani apite. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini katika majuma yale. Waliosimamisha magari walikuwa wakisoma majina kwa imani kwamba kila jina lina nchi yake, na mwenye jina asiyekuwa katika nchi hiyo ni mgeni. Ni kosa lile lile la kudhani kila Egerton ni mtoto wa Egerton na kila Sykes amenywa maji ya Yorkshire. Tofauti ni kwamba huku kosa hilo lilishika panga.

Najua nitaambiwa kwamba majina kweli yana mahali. Ramani ya 1881 imeonyesha hivyo, na mtu akiandika orodha ya wapiga kura wa Bomet na ya Kirinyaga hatahitaji kuambiwa ipi ni ipi. Nakubali. Majina yana msongamano wake, na mtaalamu wa historia, wa lugha au wa magonjwa ya kurithi anaweza kuutumia kwa faida. Lakini msongamano ni habari ya wengi. Hauna la kusema juu ya mtu mmoja aliyesimama mbele yako. Hata katika jina lililochunguzwa maabara, nusu walikuwa nje ya mstari. Na hata pale ambapo jina limemwelekeza mtu sawasawa, limeelekeza kwa babu. Egerton wa 1881 aliyekuwa akifanya kazi kiwandani Lancashire asingeweza kwenda kijijini Egerton na kudai shamba kwa sababu linaitwa kwa jina lake. Waingereza wangemshangaa. Sioni kwa nini sisi tusishangae.

Pingamizi zito zaidi linatoka upande mwingine, nami siliepuki. Wamaasai na Waogiek wa msitu wa Mau watasema: hoja yako inatunyang'anya ushahidi wetu wa mwisho. Ardhi ilichukuliwa, mikataba iliandikwa kwa lugha tusiyoijua, kilichobaki ni majina. Sasa unasema majina hayathibitishi kitu? La, sisemi hivyo. Kuna tofauti kati ya jina la mtu na jina la mahali. Jina la mtu hutembea naye, hurithiwa, huolewa, huandikwa vibaya. Jina la mahali hubaki pale pale likisubiri kila anayefika, na linapokuwa la lugha fulani ni shahidi kwamba wasemaji wa lugha hiyo waliijua nchi hiyo kwa undani wa kutosha kuipa jina. Njoro ni shahidi mzuri mno. Lakini shahidi husikilizwa pamoja na mashahidi wengine: mkataba wa 1904, wa 1911, kesi ya 1913, ramani, makaburi, kumbukumbu za wazee. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipowapa Waogiek wa Mau ushindi tarehe 26 Mei 2017, na kuamua fidia yao mwezi Juni 2022, haikupima majina yaliyo kwenye vitambulisho vyao. Ilitazama jinsi walivyoishi msituni, walivyopata riziki humo na kuabudu humo. Kama ingepima majina, Waogiek wangepoteza, kwa kuwa wengi wao wana majina yanayofanana na ya majirani zao Wakalenjin na Wamaasai. Dai la haki juu ya ardhi linasimama kwa historia iliyothibitishwa, nami nalitetea dai la aina hiyo kwa moyo wote. Dai linalosimama kwa jina la jirani yako haliwezi kuwatetea hata wanaolitoa.

Wapo pia watakaosema suluhisho ni rahisi: yafutwe majina ya mabwana wa kikoloni, kuanzia chuo kikuu. Naelewa uchungu uliomo. Shule ile ilianza kwa kuwafungia nje watoto wa watu waliokuwa wakililima shamba lake, na anayetaka jina hilo liondoke hatoi hoja ya kipuuzi. Hata hivyo kulifuta kunarudia fikra ile ile ninayoipinga, kwamba jina lililo ukutani ndilo mwenye mahali. Maurice Egerton hana mtoto wa kudai kitu Njoro. Kwa karibu miaka 70 jina lake halijawa la mtu yeyote katika mstari wake. Wanaolibeba leo ni wahitimu, maelfu yao, akina Koech na Nyokabi na Wafula, kwenye vyeti walivyovihangaikia. Limekuwa jina la mahali tena, kama lilivyokuwa kabla bwana wa kwanza wa Cheshire hajalichukua. Ninachopinga ni jina hilo kusimama peke yake, kana kwamba historia ya hapo inaanza mwaka 1939 kwa zawadi ya bwana mkarimu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, na yote yawezekana bila fedha nyingi. La kwanza ni kwa ofisi zetu za umma katika Kaunti ya Nakuru, kuanzia kwa chifu anayeandika barua hadi kamati inayogawa basari: zikome kumuuliza mkazi “kwenu hasa ni wapi” baada ya kuona jina lake. Makazi yana ushahidi wake, nao ni anwani, shule aliyosoma mtoto, kaburi la nyanya. La pili ni kwa chuo na kaunti kwa pamoja. Pale Ngata, mbele ya kasri linalotembelewa na watoto wa shule kila muhula, na pale kwenye lango la Njoro, liwekwe bango la Kiswahili lenye historia nzima: kijiji cha Cheshire na maana ya jina lake, Hester na wosia wa 1780, mkataba wa 1904 na waliohamishwa, maskwota wa siku 180, shule iliyofunguliwa kwa wachache na mwaka ilipofunguliwa kwa wote. Na juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko za Egerton, liandikwe neno enchoro, lililozaa Njoro, na maana yake, maji ya kunyweshea ng'ombe.